Mvuta Sigara na Wasifu Usio na Mdhamini

Mzee yule hakuandikiwa hata neno moja. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya The X-Files, tamthilia ya wapelelezi wawili wa FBI, Fox Mulder na Dana Scully, wanaochunguza mambo yasiyoelezeka, iliyorushwa na kituo cha Fox nchini Marekani tarehe 10 Septemba 1993, Dana Scully anaitwa na wakubwa wake wa FBI kupewa kazi mpya, na pembeni ya chumba amesimama mtu anayevuta sigara. Hatambulishwi. Hakuna anayemwambia aizime, na hilo peke yake linamtosha mtazamaji kujua nani mkubwa humo ndani. Mwishoni tunamwona tena, safari hii ndani ya ghala la Pentagon lenye rafu zisizo na mwisho. Anaweka kwenye boksi ushahidi wa mwisho uliokuwa umesalia, anaondoka zake, mlango unafungwa.

Aliyemwigiza ni William B. Davis, Mkanada aliyekuwa akifundisha uigizaji Vancouver, mji ambako tamthilia ilikuwa ikirekodiwa. Alikwenda kwenye usaili akiomba nafasi nyingine, yenye maneno, akaikosa, akapewa hii ya kusimama na kuvuta. Kufikia msimu wa nne alikuwa ndiye adui mkuu wa tamthilia nzima, na bado hana jina. Kwenye orodha ya waigizaji aliandikwa kwa tabia yake tu: Mvuta Sigara.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunajua kwamba kila picha ina steringi na adui. Steringi hafi. Adui naye haulizwi kwao ni wapi, maana baada ya saa moja na nusu atakuwa amekwisha. Tamthilia ya mfululizo haina bahati hiyo. Adui wake anarudi wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, na kila akirudi watu wanazidi kuuliza: ana mke? Alianzaje? Jina lake nani? Mtunzi akinyamaza muda mrefu mno, watazamaji wanaanza kuhisi kwamba hata yeye hajui. Akijibu, amemmaliza adui wake kwa njia nyingine, kwa sababu mtu wa kutisha akishaelezwa kwamba alikuwa akipigwa na baba wa kambo anabaki wa kuhurumiwa tu. Nimeona wahusika wengi wa tamthilia zetu wakifia hapo. Picha inageuka rangi ya kahawia, muziki wa huzuni unaingia, na kabla ya tangazo la biashara fumbo lote limekwisha.

Kisa ninachokichambua ni cha mtunzi aliyepewa shimo hilo alivuke. Sehemu yenyewe inaitwa “Musings of a Cigarette Smoking Man”. Ni ya saba katika msimu wa nne, ilirushwa tarehe 17 Novemba 1996, imeandikwa na Glen Morgan na kuongozwa na James Wong. Hawa wawili walikuwa miongoni mwa walioijenga The X-Files tangu msimu wa kwanza. Mwaka 1995 waliondoka kwenda kuanzisha tamthilia yao wenyewe ya vita vya angani, Space: Above and Beyond, ikadumu msimu mmoja, wakarudi kuandika sehemu chache. Walirudi kama ndugu aliyekaa mbali na nyumbani: anajua sufuria ziko wapi, ila haogopi tena kuvunja sahani. Mulder na Scully, ambao ndio steringi, karibu hawamo kabisa. David Duchovny yumo kwenye vipande vya zamani tu, na Gillian Anderson tunamsikia zaidi ya kumwona. Kwa tamthilia iliyokuwa ikiuzwa kwa sura za watu hao wawili, hilo peke yake lilihitaji ujasiri.

Inaanza usiku. Mvuta Sigara anaingia kwenye jengo lililotelekezwa akiwa na bunduki ya mdunguzi na mitambo ya kunasa sauti. Ng'ambo ya barabara kuna ofisi ya Lone Gunmen, wale wanaume watatu wanaochapisha gazeti la kufichua njama na ambao humsaidia Mulder. Anavaa visikizi. Ndani ya ofisi ile Frohike, mfupi kuliko wenzake na mwenye wasiwasi kuliko wote, anawaambia Mulder na Scully kwamba ameipata historia ya mtu yule. Kwa hiyo tunaisikia historia ya Mvuta Sigara tukiwa pamoja na Mvuta Sigara mwenyewe, bunduki ikiwa imeelekezwa kwenye mlango wa msimulizi.

Kwangu mimi uamuzi huu ndio uliobeba kazi yote. Morgan hakumpa mzee nafasi ya kukumbuka. Kwenye televisheni kumbukumbu ya mhusika huchukuliwa na mtazamaji kama ukweli uliopigwa muhuri, na ukishaupiga hauufuti. Hapa hakuna anayekumbuka chochote kwa uhakika. Frohike anasimulia alichokisoma kwenye hadithi ya kubuni iliyochapishwa katika jarida, anajazia kwa anachokijua, na anakiri mwenyewe kwamba bado ni uvumi hadi atakapokwenda kuuhakiki. Sasa picha tunazoziona ni za nani? Za Frohike anayesimulia? Za jarida? Au ni za mzee anayesikiliza gizani na kujiona upya? Skripti haijibu, na kamera ya Wong haimsaidii mtu kujibu. Picha za mwaka 1963 zinang'aa kwa uhakika uleule wa picha za leo, na hapo mtazamaji mvivu anaamini kila kitu huku mtazamaji mwangalifu akianza kushika kichwa.

Sikiliza wasifu wenyewe unavyoanza. Alizaliwa mwaka 1940, Baton Rouge, Louisiana. Baba alikuwa mkomunisti, akauawa na serikali kwa ujasusi. Mama alikuwa mvutaji, akafa kwa saratani ya mapafu mtoto akiwa bado mchanga. Akalelewa na dola, mpweke, msomaji wa vitabu. Ukiupokea haraka ni wasifu wa adui yeyote wa televisheni. Ukiutazama tena unaona umenyooka kupita kiasi: aliyeuawa kwa ukomunisti amezaa mtu atakayepigana na ukomunisti maisha yake yote, na aliyeuawa na sigara amezaa mvuta sigara. Maisha ya binadamu hayapangiki hivyo. Hadithi za majaridani ndizo zinazopangika hivyo.

Halafu kuna hesabu. Miezi tisa kabla, Februari 1996, sehemu iitwayo “Apocrypha” ilikuwa imefunguliwa kwa tukio la mwaka 1953, ambamo Mvuta Sigara, akiwa kijana, yuko tayari kazini pamoja na Bill Mulder, baba wa Fox Mulder, wakimhoji baharia aliyeungua vibaya. Kama alizaliwa 1940, basi mwaka ule alikuwa na miaka 13. Mtu anaweza kuliita hilo kosa la watunzi kutosomana. Mimi nadhani haijalishi kama lilikusudiwa, kwa sababu fremu ya Frohike inalimeza bila shida: aliyekosea miaka ni jarida. Hiyo ndiyo faida ya kusimulia kwa mdomo wa mtu asiye na uhakika. Mtunzi anayekuja nyuma hafungwi mikono, na aliyetangulia haonekani muongo.

Sehemu imegawanywa katika vipande vinne, kila kimoja na kichwa chake. Cha kwanza kinamkuta kapteni kijana wa jeshi, Fort Bragg, mwaka 1962. Akipewa sigara anakataa. Anaitwa mbele ya wakubwa na kupewa kazi isiyoandikwa popote, na tarehe 22 Novemba 1963 ndiye anayefyatua risasi inayomuua Rais Kennedy kutoka ndani ya mtaro wa maji ya mvua pale Dealey Plaza, Dallas, wakati Lee Harvey Oswald, aliyetayarishwa kubeba lawama, hajui kinachoendelea. Oswald anapokuja kukamatwa ndani ya jumba la sinema, kijana naye yumo humo, na hapo anawasha sigara ya kwanza. Cha pili ni mwaka 1968, Memphis, na kuuawa kwa Martin Luther King.

Morgan hakuchagua matukio haya kwa umaarufu tu. Alichagua mashimo ambayo umma wenyewe ulikuwa umeshayachimba. Kamati ya Bunge la Marekani ilisema mwaka 1979 kwamba Kennedy huenda aliuawa kwa njama. James Earl Ray, aliyekiri mwaka 1969 kumuua King, alikana karibu mara tu baada ya kukiri na kushikilia hadi kufa kwamba alitumiwa na mtu aliyemwita Raoul. Na Mvuta Sigara anapokaa usiku kuandika riwaya zake, jina la uandishi analolitumia ni Raul Bloodworth. Hakuna mhusika anayelieleza jina hilo. Limetupwa pale kwa anayejua, asiyejua linampita, na hadithi haimsubiri.

Hata hivyo kipande cha Memphis ndipo ninapoona mkono wa mtunzi ukitetemeka. Mzee anajitolea kufanya mauaji mwenyewe kwa sababu, anasema, anamheshimu King mno kumwachia mtu mwingine. Kama maandishi ni kali: mstari mmoja umebeba unafiki wote wa mtu huyu. Lakini King hakuwa mhusika wa televisheni. Mwaka 1997, miezi michache baada ya sehemu hii kurushwa, mwanawe Dexter alikwenda gerezani kuonana na Ray, na familia ikadai hadharani kesi mpya. Kwao shimo lile halikuwa pambo la hadithi. Kennedy alikuwa ameshatiwa kwenye michezo mingi ya kubuni kiasi kwamba moja zaidi haikuongeza jeraha. Kwa King nadhani Morgan alijipa ruhusa kirahisi. Mtunzi wa kwetu anayetaka kumtia adui wake kwenye kifo cha mtu halisi, mwenye watoto na kaburi, angefaa akae na jambo hilo usiku mzima kabla ya kuliandika.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho watu wengi waliosimuliwa sehemu hii hawakielewi mpaka waione. Mauaji yote mawili, kwa uzito wake wote, hayatuambii Mvuta Sigara ni nani. Yanatuambia alichokifanya, kama alikifanya. Anayejulikana ni yule anayekaa mbele ya taipureta. Mtu mwenye uwezo wa kuangusha marais anatamani kuchapishwa hadithi za kijasusi za hovyo, zenye shujaa aitwaye Jack Colquitt, na wahariri wanamkataa kwa barua za dharau. Hawezi kuwaua, au tuseme anaweza, lakini haitamsaidia, kwa sababu anachokitaka ni kusifiwa. Hapo mtunzi ametoa siri kubwa mno ya moyoni bila kugusa hata moja ya siri ambazo watazamaji walikuwa wakizidai. Jina hatukupewa. Mke hatukuonyeshwa. Tumepewa kiu.

Kipande cha tatu, siku za Krismasi mwaka 1991, kinacheza na kiu hiyo kwa ucheshi mkavu. Mzee anaongoza kikao cha wasaidizi wake kama meneja wa ofisi yoyote ya serikali. Wanapanga kesi ya Rodney King, Mmarekani mweusi aliyepigwa na polisi, ihamishiwe wapi, na anaagiza kwamba timu ya Buffalo Bills isishinde Super Bowl, fainali ya futiboli ya Kimarekani, maadamu yeye yu hai. Mtazamaji wa Marekani wa 1996 alijua Bills walikuwa wamepoteza fainali nne mfululizo, kwa hiyo alicheka, na kicheko hicho ni tahadhari iliyofichwa: mtu mmoja hawezi kuwa nyuma ya kila kitu, kwa hiyo hadithi hii imetiwa chumvi. Habari inaingia kwamba Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, amejiuzulu. Maadui wamekwisha. Anawagawia wasaidizi zawadi, kila mmoja anafungua boksi lake na kukuta tai ileile. Wakimwuliza sikukuu atakula wapi, anadai ana familia ya kwenda kuitembelea. Hana.

Usiku huohuo anakutana na Deep Throat, yule mtoa siri wa msimu wa kwanza, kwenye chumba alicholazwa kiumbe wa sayari nyingine aliyenusurika ajali. Lazima mmoja wao amuue. Deep Throat anamwambia: mimi ndiye muongo, wewe ndiye muuaji. Mzee anamjibu kwamba uongo wa mwenzake umeua watu wengi zaidi, na kwamba yeye katika maisha yake hajawahi kumuua mtu. Deep Throat anamtazama na kusema kwamba basi labda muongo si yeye. Wanarusha sarafu. Tumetoka kumwona mtu huyu akiua mara mbili, na sasa, mbele ya mtu pekee asiyekuwa na sababu ya kumdanganya, anakana. Kama nusu ya kwanza ni ya kweli, anadanganya hapa. Kama hapa anasema kweli, nusu yote ya kwanza ni ndoto za mwandishi wa riwaya aliyeshindwa, anayejitia kwenye historia kwa kalamu kwa kuwa kwa mkono hakuwemo. Maneno machache yametikisa nusu saa nzima. Ningekuwa nafundisha uandishi wa skripti ningeanzia hapa.

Kipande cha nne kinatufikisha 1996. Jarida linaitwa Roman à Clef, na linakubali kuchapisha kazi yake. Mzee anafurahi kama mtoto. Anaandika barua ya kujiuzulu. Anaacha sigara. Siku ya siku anakwenda kwenye meza ya magazeti, ananunua nakala, anaketi kusoma, na kukuta mwisho umebadilishwa. Si mwisho alioandika yeye. Hapo, kwenye benchi, kando ya mtu asiye na makazi, anatoa hotuba ya uchungu akiyalinganisha maisha na boksi la chokoleti, dhihaka ya wazi kwa Forrest Gump, filamu ambayo Wamarekani wote walikuwa wameiona miaka miwili nyuma. Kisha anarudi kununua pakiti ya sigara. Barua anaichana. Wengi wanacheka kwenye benchi lile. Mimi hotuba naiona ndefu, na ingebaki nusu yake ingeuma zaidi.

Mwisho uliobadilishwa unatupeleka kwenye ugomvi wenyewe wa kisa hiki. Morgan alikuwa amepanga Frohike afe. Frohike angemaliza kusimulia, angetoka nje kwenda kuhakiki, na Mvuta Sigara angemlenga na kumpiga. Nia yake ilieleweka: mtu huyu alikuwa ametishia kwa miaka mitatu, sasa watazamaji waone gharama kwa mhusika wanayempenda. Chris Carter, muasisi wa tamthilia, alikataa. Katika sehemu iliyorushwa, Frohike anatoka, msalaba wa darubini unakaa juu yake, na mzee anaondoa kidole kwenye kifyatulio. Anajisemea kwamba anaweza kumuua wakati wowote apendao, lakini si leo. Ni mstari kutoka kwenye riwaya yake mwenyewe.

Kwa hiyo sehemu inayohusu mwandishi aliyebadilishiwa mwisho nayo ilibadilishiwa mwisho. Wapo wanaomwona Carter kama mfanyabiashara aliyelinda mali. Huenda. Tamthilia ina mikataba, na mhusika anayependwa ni mali. Ila nikiipima kwa hadithi yenyewe, naona katazo lile liliokoa fumbo. Mtu akiuawa kwa alichokisema, alichokisema kimethibitishwa. Hakuna muhuri mkubwa kuliko risasi. Frohike angeanguka pale barabarani, Dallas na Memphis zingekuwa ukweli, 1940 ingekuwa ukweli, na pengo la 1953 lingebaki aibu tupu. Frohike akiwa hai hatujui. Labda anaachwa kwa sababu anayoyasema ni upuuzi. Labda ni kwa sababu mzee amefurahi kwamba hatimaye kuna mtu amemsoma. Tafsiri hii ya pili ndiyo ninayoipenda: bunduki inashushwa na mwandishi, kwa heshima ya msomaji wake wa pekee. Gharama ipo, sikatai. Kitisho alichokitaka Morgan kilipungua, na kuanzia hapo adui yule alikuwa mtu ambaye tumeshamwona akiwa na kinyongo cha kukataliwa na mhariri.

James Wong aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy ya uongozaji kwa kazi hii. Kijana aliyeigiza ujana wa mzee, Chris Owens, aliwapendeza wakubwa wa tamthilia kiasi kwamba mwaka 1998 walimrudisha kwa kudumu, safari hii kama Jeffrey Spender, mtoto wa Mvuta Sigara. Ni ubahili mzuri wa uigizaji: sura ya baba ilishawekwa machoni petu, mtoto akaja nayo bila kuelezwa.

Misimu iliyofuata ilifanya kile ambacho Morgan alikikwepa. Mzee akapewa jina, C.G.B. Spender, akapewa mke na mwana, akapewa mwaka 1973 na mapatano na viumbe wa angani, yote kwa sauti yake mwenyewe na kwa uhakika kamili. Kila jibu lilikuwa na mantiki yake, na kila moja lilimpunguza kidogo. Frohike naye alikufa mwaka 2002 pamoja na wenzake wawili, kwa sababu isiyohusiana na bunduki ya usiku ule. Na Davis, aliyeanza bila hata neno moja, aliandika mwenyewe skripti ya sehemu iitwayo “En Ami”, iliyorushwa tarehe 19 Machi 2000, ambamo Mvuta Sigara anasafiri na Scully. Kabla ya kurekodiwa, skripti hiyo ilipitishwa kwenye marekebisho mengi na wakubwa wa tamthilia.